Kilemba cha Siti: Nilichosema Kwenye Kikao Chetu cha Tiketi za Msimu

Waliokosa kikao cha jumamosi kwa sababu ya shifti wameniomba niwaandikie nilichosema. Nimeandika vilevile nilivyoongea, palipokuwa na kelele nimeruka, na hesabu nimezipiga upya mana siku ile nilikuwa nimeziandika nyuma ya boksi la pampasi na mwanangu akaondoka nalo.

Haya jamani tutulie. Wazee wangu shikamooni, mama zangu shikamooni, wengine wote habari za jioni. Walioko jikoni mnanisikia? Maandazi yasianze kutembea kabla sijamaliza, nawajua nyinyi, mtu akishashika andazi hasikii tena mambo ya hela.

Kwa wageni, mimi ndo mweka hazina wa lile kundi letu la siti nne za kuangalia kikapu cha chuo hapa Marekani. Familia nane, siti nne, gemu 16 za nyumbani, yani tiketi 64 kwa msimu, kila familia inapata gemu mbili inaenda watu wanne. Tunapanga kwa kura, vikaratasi kwenye sufuria, na gemu ya mahasimu inapigiwa kura yake peke yake mana kuna mwaka watu walitaka kununiana humu ndani. Tulianza 2022 na mnakumbuka tulianzaje, ilikuwa ni Oscar Tshiebwe. Kijana wa Lubumbashi kaenda chuo cha Kentucky, msimu wa 2021-22 anaokota ribaundi, ile mipira inayogoma kuingia golini, wastani wa 15 kila gemu kama mtu anaokota maembe chini ya mti, siku ya gemu na chuo cha Western Kentucky kaokota 28, mwisho wa msimu akawa mchezaji bora wa vyuo Marekani nzima. Sisi tulikuwa tumejazana watu ishirini kwenye sebule moja, watu ambao hawajui hata timu ya kikapu ina wachezaji wangapi uwanjani, ghafla kila mtu kocha. Halafu mwezi wa tatu wakatolewa na Saint Peter's, kachuo kadogo ka New Jersey, Oscar kafunga 30 na ribaundi 16 na bado wakapigwa 85 kwa 79, kuna mama hapa alilia kama kafiwa. Ndo siku ile tukasema sasa kwanini tusiende kuangalia wenyewe, chuo si tunacho hapahapa mjini.

Chuo chenyewe sitakitaja jina mana nimeambiwa haya maneno yataandikwa, na nyote mnakijua, nusu yenu mmevaa jezi yake.

Sasa barua imekuja. Kurasa sita. Tatu za kwanza ni za kutushukuru, na mimi nimekulia Kariakoo, mtu akikushukuru kurasa tatu unashika pochi. Ukurasa wa nne kuna ramani ya uwanja yenye rangi, na rangi yetu imebadilika, tulikuwa kijani tumekuwa dhahabu. Siti ni zilezile, mstari uleule, kile kiti kilichopasuka mkono bado kimepasuka mkono. Sisi hatujahama hata hatua moja, ramani ndo imehama.

Msimu uliopita siti moja tulilipa dola 480 ya tiketi na dola 150 ya mchango, jumla 630, mara nne ni 2,520, kila familia ikatoa 315. Msimu ujao siti ileile tiketi ni 560 na mchango ni 600. Nasoma tena mana kuna watu wanadhani nimekosea. Mchango 600. Jumla 1,160 kwa siti, mara nne 4,640, kila familia 580. Angalieni vizuri kilichopanda hapo. Tiketi imepanda dola 80, hiyo naielewa, kila kitu kimepanda, mayai yamepanda. Mchango umezidishwa mara nne.

Papa mmoja hapa, baba yetu wa Kongo, alivyosikia kwa simu, akaniuliza swali moja tu, "Sasa ile makuta tunalipaka ni ya kiti ao ni ya nini?" Makuta kwao ni hela. Nikakaa kimya mana hilo swali ndo lenyewe, na barua ya kurasa sita haijalijibu.

Nitawajibu kwa lugha ya kwetu. Ule mchango ni kilemba. Waliofanya biashara Kariakoo wananielewa hapohapo, unataka fremu ya duka, mwenye fremu anakwambia kodi ni kadhaa kwa mwezi, lakini kabla ya kodi kuna kilemba, hela ya kukuruhusu wewe uwe mtu wa kulipa kodi. Wakenya mnaita gudwili. Haikununulii ukuta wala mlango, inakununulia nafasi tu. Basi kwenye vyuo vikubwa vya kikapu Marekani ni hivyohivyo, dola 560 ndo kodi na 600 ndo kilemba, ila wao wanakiita mchango mana mchango unasikika vizuri, unakaa karibu na sadaka. Kwetu mchango wa harusi usipotoa unasemwa, wa hapa usipotoa unahamishwa.

Na hii sio ya chuo chetu peke yake wala haikuanza jana. Chuo cha North Carolina walipofungua Dean Smith Center mwaka 1986, uwanja wa watu zaidi ya elfu ishirini, ulijengwa kwa hela za wachangiaji binafsi, na waliochanga sana wakapata haki ya siti za chini karibu na uwanja. Matokeo yake mnayajua? Watu wazima wenye hela wamekaa chini wametulia, wanafunzi wenye sauti wako mbali. Mwaka 1991 mchezaji Sam Cassell alikuja pale na chuo chake cha Florida State wakashinda, akasema hawa ni watazamaji wa mvinyo na jibini, na lile neno limewaganda mpaka leo. Baadae wakaweka wanafunzi nyuma ya goli wasimame wapige kelele. Sasa nendeni mji wa jirani, chuo cha Duke, Cameron Indoor, ukumbi wa 1940, unaingiza watu 9,314 tu, mdogo kuliko viwanja vingi vya vyuo visivyojulikana, lakini wanafunzi wako chini kabisa pembeni ya uwanja, mchezaji mgeni akirusha mpira mikono ya watu iko nusu mita kutoka mgongoni kwake, na hao watoto wanalala kwenye mahema nje wiki nzima nzima kwenye baridi wapate nafasi. Wenye hela wao wako juu. Mimi nimekuwa nikiwaambia siku zote, ukitaka kujua chuo kinamheshimu nani usisome tovuti yake, angalia nani kakaa chini.

Kwetu mnajua ilivyo. Ukienda kwa Mkapa kuna mzunguko, kuna VIP, Simba na Yanga wakicheza unanunua tiketi ya siku ile unaingia, hakuna anayekuuliza mwaka jana ulichangia klabu shilingi ngapi. Kama huna ya VIP unaenda mzunguko na kelele zote ziko mzunguko. Hapa wanakuuliza. Hapa kuna pointi.

Pointi nazo nizieleze haraka mana wengi mlinitumia meseji. Kila chuo kina hesabu yake lakini viungo ni vilevile: umechanga kiasi gani tangu uanze, miaka mingapi mfululizo, ulisoma hapo au hukusoma. Wanajumlisha, wanawapanga watu wote kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho kama foleni ya benki, na mwaka wa kupanga siti upya kama huu uwanja wote unakuwa mtupu kwenye kompyuta, kila mtu anapewa dirisha lake la muda aingie achague kilichobaki. Tajiri aliyesoma hapo na babu yake akasoma hapo anaingia siku ya kwanza. Sisi tumeanza 2022, hatujasoma hapo isipokuwa mmoja wetu, tunaingia siku ya tano. Dirisha letu ni jumanne saa 4 na dakika 20 asubuhi, saa nne yetu jamani, kwenye simu itaandika 10:20, nasema hivi mana mara ya mwisho kuna mtu alifika saa kumi jioni anauliza mbona kumefungwa.

Halafu kuna hili la akaunti. Akaunti yetu iko kwa jina la yule mmoja aliyesoma hapo, na pointi ni za kwake sio za kundi, kwa karatasi zao sisi wengine saba hatupo. Anahamia Texas mwakani. Nimewauliza, wamesema akaunti haihamishwi kwenda kwa rafiki, kwa mke au mume tu. Kwaiyo kaka tunakuombea safari njema ila usifute imeili yako. Serious naongea, usifute.

Sasa nije kwenye maneno niliyoyasikia humu ndani ambayo hayajanifurahisha. Kuna watu wanasema bei imepanda kwa sababu wachezaji siku hizi wanalipwa, watoto wa miaka 19 wanaendesha magari kuliko sisi tunaobeba maboksi, kwaiyo sisi ndo tunawalipia. Naomba tuende taratibu. Ni kweli kuna mabadiliko makubwa, Jaji Claudia Wilken alipitisha makubaliano ya ile kesi ya House, ya wanamichezo kuwashtaki NCAA wanaosimamia michezo ya vyuo, tarehe 6 mwezi wa sita 2025, na kuanzia tarehe 1 mwezi wa saba chuo kikitaka kinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo wake moja kwa moja, mwaka wa kwanza ukomo kama dola milioni 20.5 kwa chuo, michezo yote pamoja. Hiyo hela inatafutwa mahali, sikatai. Chuo cha Tennessee walitangaza mwaka 2024 kwamba tiketi za futiboli ya Kimarekani za 2025 zinaongezwa asilimia 10 na wakaiita waziwazi ada ya vipaji. Mimi hao nimewapenda, angalau wamekwambia usoni kinachokata pochi yako.

Lakini kilemba kilikuwepo miaka na miaka wakati mchezaji halipwi hata senti, anapewa shule na chakula basi. Uwanja ule wa North Carolina wa 1986 niliowaambia, wachezaji walikuwa wanapewa nini? Na huyohuyo Oscar wetu, mnajua habari yake? Kuanzia mwaka 2021 wachezaji waliruhusiwa kuuza majina yao kwa matangazo, wenzake wakaanza kuingiza hela, yeye mchezaji bora wa nchi nzima akawa amefungwa mikono kwa sababu yuko na viza ya mwanafunzi na sheria ya viza hairuhusu kufanya kazi kama hiyo ndani ya Marekani. Ikabidi asubiri timu iende Bahamas kiangazi cha 2022 kwa gemu za maandalizi ndo akafanya matangazo yake kulekule nje ya nchi, akarudi. Mtu kajaza uwanja msimu mzima, hela yake kaenda kuichukua kisiwani kama mfanyabiashara wa magendo. Kwaiyo mimi sitakaa kwenye kikao hiki nikamlaumu mtoto wa mtu kwa kulipwa. Sisi wote humu tuna karatasi za uhamiaji kwenye begi, tunajua ile hali.

Cha pili kilichopandisha ni siti zenyewe kupungua na kupambwa. Rupp Arena, uwanja wa Kentucky pale Lexington, zamani ilikuwa inabeba watu zaidi ya elfu 23, kule juu kulikuwa na mabenchi marefu hayana hata egemeo, unakaa magoti kwenye mgongo wa mwenzako, wakaja wakatoa mabenchi wakaweka siti za mtu mmoja mmoja, sasa inabeba kama elfu 20 na nusu. Migongo imepona, sawa, ila siti elfu tatu zimeenda na washabiki wa Kentucky hawajapungua hata mmoja. Na hapa kwetu ni hivyohivyo, ile kona ya chini mliyokuwa mnanunua soda inageuzwa chumba cha wakubwa, kuna nyama na sofa, na dhahabu kwenye ramani imeanzia hapo ikatufuata sisi mpaka mstarini kwetu.

Jambo lingine ni kodi, ya serikali sio ya fremu, na hapa nisikilizeni vizuri mana kuna mtu simtaji alitaka kujiletea matatizo. Tangu 1988 sheria ilikuwa inasema ukitoa mchango wa siti namna hii asilimia 80 unaweza kuiandika kwenye kodi yako kama msaada. Ilifutwa na ile sheria ya kodi ya mwezi wa kumi na mbili 2017, kuanzia 2018 hakuna, sifuri, mpaka wenye hela zao walikimbilia kulipa michango ya miaka ya mbele wiki za mwisho za 2017 kabla mlango haujafungwa. Kwaiyo kama mchango unakupa haki ya kununua siti, usiuandike kwenye kodi. Hata kama risiti imeandikwa asante kwa ukarimu wako. Futa.

Sasa tufanyaje. Nimesikia mawazo mengi nitasema ninavyoona mimi, hela ni zenu.

Wa kwanza wanasema tubaki dhahabu, tulipe 580 kila familia, na kulipia tuuze gemu kubwa mtandaoni. Hesabu inakubali, watu wengi wenye tiketi za msimu wanaishi hivyo, wanauza mahasimu wanafidia zilizobaki. Lakini tutakuwa tumenunua tiketi za msimu ili tusiende gemu tunazozitaka. Tutauza gemu ya mahasimu, tutabaki na zile za mwezi wa kumi na moja, na mnazijua zile, chuo kikubwa kinalipa chuo kidogo kije kupigwa, dola makumi elfu, kinakuja na basi kinapigwa thelathini kinaondoka. Ingawa, haya, wakati mwingine mchezo unamrudi mwenye nao. Mwaka 2019 Kentucky wakiwa namba 1 kwa viwango vya nchi nzima waliwalipa chuo kidogo cha Evansville dola 90,000 waje Rupp Arena, Evansville wakaja, wakashinda 67 kwa 64, wakachukua na hundi yao. Ile gemu tiketi yake ilikuwa ya kutupa, waliobahatika kuwepo wanaihadithia mpaka leo.

Wa pili wanasema tuache kabisa, tununue moja moja kwenye simu. Kwa hesabu tupu hao wako sahihi na nitakuwa muongo nikiwabishia, gemu ndogo za novemba unapata siti nzuri kwa bei ya kuku mmoja. Shida ni gemu kubwa, siti nne pamoja hupati au unapata kwa bei ya kodi ya nyumba, na tukiacha ile miaka mfululizo inafutika, tukirudi tunaanzia mkiani kabisa.

Halafu kuna kitu hakipo kwenye hesabu. Mnamjua yule mzee wa mstari wa nyuma yetu, Mmarekani, mwenye kofia. Ana zile siti mbili tangu mimi sijazaliwa, yeye na mke wake, mke akafariki akaendelea kulipia zote mbili, moja anaweka koti. Mwaka wa kwanza tulivyofika watoto wetu wanapiga kelele pasipotakiwa nikajua huyu atatusemea kwa walinzi, badala yake akamwita binti yangu akamuonyesha jinsi ya kuandika ribaundi na pasi kwenye daftari, kila mtu safu yake, kwa penseli. Binti sasa ana madaftari matatu. Gemu ya mwisho nilimuuliza mzee umepata barua? Akasema nimepata. Nikamuuliza utafanyaje, akaangalia lile koti, akasema nafikiri nitaangalia kwenye tivii. Hakusema kingine. Na mimi nilikuwa na maneno mengi ya kiingereza kichwani, hakuna hata moja lililotoka.

Kwaiyo mtu akiniambia siti ni siti, juu na chini, namuelewa, lakini wakipanga upya wanachovuruga ni majirani. Ule mstari mzima ulikuwa kama mtaa. Wale mapacha wa kulia, yule mama wa popkoni, wote wametawanywa kwa pointi.

Ninachopendekeza mimi ni hiki. Tupande juu. Siti za juu, pembeni sio kona, tiketi 320 na mchango 50, jumla 370, mara nne 1,480, kila familia 185. Tunabaki kwenye foleni, miaka yetu inaendelea kuhesabiwa, na nimeenda mwenyewe nikakaa kule, nimepanda ngazi nikazihesabu, mpira unaonekana vizuri, unaona hata mipango ya kocha inavyofunguka, kitu ambacho chini huoni. Sura za wachezaji huzioni, hiyo kweli. Mtamwangalia kwenye skrini kubwa kama kwenye sebule yetu ya zamani.

Ngazi. Najua mama mmoja anataka kunipiga na mwiko kuhusu ngazi. Mama yangu, magoti yako hatujayasahau. Sheria ya watu wenye ulemavu ya 1990 sio ya kiti cha magurudumu peke yake, mtu ambaye hawezi kupanda ngazi naye anaruhusiwa kununua zile siti zisizo na ngazi, na kanuni zake zinasema lazima ziwepo kwa bei ya siti za kawaida za eneo lilelile, hawaruhusiwi kukuongezea, na unaweza kununua mpaka siti tatu nyingine za watu wako karibu yako zikiwepo. Yani wewe na watatu, jumla nne. Si ndo kundi letu hilo? Nimeshapiga simu, zipo kule juu kwenye korido ya lifti, nikachague hizo kwanza. Kwa mara ya kwanza magoti ya mtu yanatusaidia wote, ila gemu ambazo si za kwako itabidi tuseme ukweli tusizikalie siti hizo bila mwenye kuzihitaji, tutapanga ili kila gemu awepo mtu wa magoti, na Mungu anajua kwenye familia nane magoti hayakosekani.

La mwisho, na hili wanaume mtaguna. Timu ya wanawake. Siti za chini, mstari wa sita, unasikia kocha anavyogomba, dola 120 msimu mzima, mchango hakuna. Mnaguna eeh? Hata chuo cha Iowa akaja mchezaji Caitlin Clark, msimu wa 2023-24 tiketi za msimu za wanawake zikaisha zote Carver-Hawkeye, ukumbi wa karibu watu elfu 15, na aliyekuwa na siti yake kabla anacheka peke yake. Hawa wakishaona watu wamejaa ramani itapata rangi huko nako, msiwe na wasiwasi, dhahabu itawafikia. Sasa hivi bado ni kijani. Siti nne ni 480. Jumlisha na 1,480 za juu unapata 1,960, gawa kwa nane ni 245. Msimu uliopita tulitoa 315 kwa timu moja. Hizi ni timu mbili, na mabinti zetu watakaa karibu kiasi cha kupewa jasho.

Nimemuuliza binti yangu wa madaftari anaonaje, akauliza kama yule mzee tunaweza kumpeleka kwa wanawake, siti ya tano. Nikamwambia siti ya tano ni dola 120 na hazina haina. Akasema ana 40. Kwaiyo zimebaki 80, kikapu kiko pale mezani karibu na chupa ya chai, sio mchango wa lazima, sio kilemba, anayetaka aweke. Koti lake tutalipakata.

Haya, tupige kura kabla chai haijapoa. Wanaotaka tubaki dhahabu kwa 580 nyoosheni mikono. Mmoja. Wawili. Wanaotaka tuache kabisa. Mmoja, sawa, nimekuona, na wewe ndo unadaiwa ya msimu uliopita. Wanaotaka juu na timu ya wanawake kwa 245.

Papa, nyoosha mmoja tu.